Land Cruiser FJ40 ya 1973 iliyofufuliwa na kuwekwa injini nyingine: bima kubwa inakatwaje?

ChumaKongwe

Wakuu, naomba mwongozo kwa wanaoijua bima ya magari ya zamani.

Gari ni Toyota Land Cruiser FJ40 ya mwaka 1973, chasisi yake ya asili. Sakafu na sehemu za nyuma zilizoliwa na kutu zimekatwa na kuchomelewa bati jipya, rangi imepigwa kuanzia kwenye bati tupu. Injini ya petroli aina ya F, lita 3.9, imetoka, imeingia 1HZ ya dizeli, lita 4.2, pamoja na gia boksi ya H55F yenye gia 5. Breki za mbele zilikuwa za dramu, sasa ni diski. Stelingi ni ya pawa, matairi ni ya inchi 33 badala ya 29. Zimebaki waya, siti na turubai, kwa hiyo gari bado liko gereji.

Kampuni moja inataka kunikatia bima kubwa kwa thamani inayotokana na umri wa gari, yaani karibu na bure. Nyingine imenipa fomu yenye mistari miwili tu ya kueleza "mabadiliko yaliyofanywa". Maswali yangu:

1. Nifanyeje ili thamani halisi ya gari itambuliwe?
2. Nitaje mabadiliko yote au yale makubwa tu?
3. Karibu nusu ya kazi sina risiti. Nimekwama?
4. Kwa sasa gari haliendi barabarani. Kuna haja ya bima?

---

Dalali_Mkongwe

Mkuu, kabla hujauliza ada ni kiasi gani, tafuta kwenye mkataba sentensi inayosema gari likiteketea utalipwa kwa thamani ipi. Utakutana na mojawapo ya hizi tatu.

Ya kwanza ni thamani ya soko siku ya hasara. Hii ndiyo bima kubwa ya kawaida, na mkadiria hasara ataangalia magari ya umri huo yanauzwaje. Kazi uliyofanya utaibishania baada ya ajali, wakati ushahidi wenyewe umeshasagika au umeungua.

Ya pili ni thamani iliyokubaliwa. Wewe na kampuni mnaafikiana kiasi kabla ya bima kuanza, kinaandikwa kwenye jedwali la mkataba, na gari likiisha kabisa au likiibwa wanalipa kiasi hicho, ukiondoa sehemu ya hasara ambayo mkataba unasema utaibeba mwenyewe. Hiyo ndiyo unayoihitaji.

Ya tatu inafanana sana na ya pili, na hapo ndipo watu wengi huumia. Jedwali lina kiasi chako, ada unalipa kwa kiasi hicho, lakini ndani kuna maneno kama "thamani ya soko au kiasi kilichotajwa, chochote kilicho kidogo". Kiasi kile ni dari tu. Ukiandika 100 na mkadiria akasema soko ni 40, unalipwa 40. Kwa hiyo usiridhike na ajenti anayekwambia "tumeandika thamani yako". Mwambie akuonyeshe maneno "thamani iliyokubaliwa" ndani ya mkataba, au kwenye nyongeza yenye sahihi ya kampuni. Barua pepe ya ajenti peke yake haitoshi.

Halafu kuna wanaoandika thamani ndogo makusudi ili ada ipungue. Mikataba mingi ya thamani ya soko ina sharti la uwiano: gari la thamani ya 100 likikatiwa bima ya 60, kampuni inahesabu kwamba asilimia 40 ya hatari umeibeba mwenyewe. Ukigongwa hasara ya 20, unapata 12, na bado wanatoa kile kiasi unachobeba mwenyewe. Mtu anashangaa hasara ni ndogo kuliko bima yake na bado hakulipwa yote.

Jambo jingine ambalo halisemwi sana: thamani iliyokubaliwa inafanya kazi pale gari linapoisha kabisa. Ajali ya mlango na madigadi itafuata sheria za matengenezo, na huko uliza mambo manne. Je, wanakata uchakavu kwenye spea mpya? Una haki ya kuchagua gereji? Bati likiwa halipatikani dukani, watalipa fundi alitengeneze kwa mkono, na kwa saa ngapi? Na gari likifutwa, mabaki ni ya nani na yanakatwa asilimia ngapi kwenye malipo? Kwa FJ40 hilo la mabaki si dogo. Chasisi yenye namba yake ya asili na kadi safi ndiyo moyo wa gari. Mabaki yakienda kwa kampuni, huna cha kufufua tena.

---

Fundi_Dizeli

Nijibu la pili. Taja yote, hata lile unaloliona dogo. Fomu ina mistari miwili? Andika "tazama kiambatisho", kisha ambatisha ukurasa mzima wenye tarehe na sahihi, na uombe nakala yenye mhuri wao wa kupokea. Swali la kampuni siku ya madai halitakuwa kama badiliko lilisababisha ajali. Wataanza na kama walilijua.

"Injini imebadilishwa" ni maelezo pungufu. Andika aina ya injini iliyotoka na iliyoingia, namba ya injini mpya, ujazo, nishati, na nani aliifunga. Wewe umetoka petroli kwenda dizeli, kwa hiyo kadi ya gari lazima ibadilishwe kwanza: namba ya injini, ujazo na aina ya mafuta. Ukikata bima kwa kadi inayosema petroli wakati chini ya boneti kuna 1HZ, umekatia bima gari ambalo halipo. Utaratibu ni ukaguzi, kisha kadi, kisha bima. Wengi wanaugeuza kwa sababu bima inapatikana haraka kuliko kadi.

Kuna mambo matatu ya ufundi ambayo mkaguzi mwenye macho atayatafuta kwenye badiliko hili, na kila moja linaweza kuua madai kwa hoja kwamba gari halikufaa barabarani.

Vakyumu ya breki. Injini ya petroli inavuta vakyumu (nguvu ya kufyonza hewa) yenyewe kwenye manifoldi ya kuingizia hewa kwa sababu ya kile kilango cha kabureta. Dizeli ya 1HZ haina kilango cha namna hiyo, kwa hiyo busta ya breki, kile kifaa kinachousaidia mguu kukandamiza breki, ni lazima ilishwe na pampu ya vakyumu ya injini. Mpira ukiunganishwa kwenye manifoldi kwa mazoea ya zamani, pedali inakuwa ngumu kama jiwe na breki inabaki ya nguvu za mguu tu. Jaribio: zima injini, kanyaga pedali mara 5 au 6 mpaka iwe ngumu, ishikilie chini kwa mguu, washa. Ikishuka kidogo, busta inafanya kazi.

Masta silinda. Masta ya mfumo wa dramu huwa na vali ndogo inayobakiza presha kwenye paipu ili viatu vya breki visirudi mbali. Ukifunga diski mbele ukaacha masta ileile, presha hiyo inashikilia pedi kwenye diski muda wote. Unaendesha kilomita chache, diski inapata moto, mafuta ya breki yanachemka, pedali inazama. Iondoe vali ya upande wa mbele au funga masta ya diski na dramu, na andika kwenye kiambatisho kwamba umefanya hivyo.

Mafuta na umeme. Pampu ya dizeli inarudisha mafuta yaliyozidi kwenye tanki, kwa hiyo paipu ya kurudishia iwe ya chuma au mpira unaostahimili dizeli, isipite karibu na ekzosi. Kuna 1HZ zinazokuja na stata na hita plagi za volti 24 wakati gari lako ni la volti 12. Hakikisha kabla ya kuvuta waya. Na kwa kuwa waya bado, hii ndiyo nafasi: kila mstari uwe na fyuzi yake karibu na betri, weka swichi kuu ya kukata umeme, kila waya unaopenya bati upite kwenye mpira wa kinga. Moto wa gari la zamani mara nyingi unaanzia kwenye waya uliosagika pembezoni mwa bati.

Usisahau kutaja stelingi, matairi, na siti. Siti na mikanda ni usalama wa abiria, na abiria ndiye mwenye madai makubwa kuliko bati lolote.

---

Mthamini_Magari

Kuhusu thamani na risiti.

Tofautisha gharama na thamani. Jumla ya pesa ulizotumia haiwi thamani ya gari moja kwa moja. Saa 400 za kuchomelea sakafu hazirudi zote sokoni. Mthamini akiandika ripoti ya bima anapaswa kutaja msingi wake: bei ya kupata gari jingine la hali hiyohiyo, au gharama ya kulijenga upya. Kwa gari lililobadilishwa injini, mwambie atoe zote mbili na aeleze ipi anaipendekeza kwa bima na kwa nini. Ripoti yenye tarakimu moja tu isiyo na maelezo haina nguvu mbele ya mkadiria wa kampuni. Na fahamu kwamba kwa baadhi ya wanunuzi injini isiyo ya asili inashusha bei hata kama gari linaendesheka vizuri zaidi. Mthamini asipolisema, mkadiria atalisema.

Kukosa risiti si mwisho. Unajenga ushahidi kwa njia nyingine. Kila fundi aandike barua fupi: alifanya nini, lini, kwa vifaa gani, namba yake ya simu na sahihi. Andika namba za spea zilizopigwa kwenye vifaa vyenyewe. Picha za kazi ikiendelea, zile za simu ambazo hazijahaririwa, zinahifadhi tarehe ndani yake. Zihamishe kama faili asili, kwa sababu zikipita kwenye programu ya kutumiana ujumbe mara nyingi tarehe hiyo inafutika. Picha ya sakafu ikiwa imefunguliwa, bati jipya limeshikizwa lakini halijapigwa rangi, ina uzito kuliko picha 20 za gari linalong'aa.

Rangi inapimwa. Kipimo cha unene wa rangi ni kifaa cha mkononi. Rangi ya kiwandani mara nyingi inasoma kati ya mikroni 80 na 150, rangi iliyorudiwa vizuri inaweza kufika 200 hadi 300, na ukiona zaidi ya 1,000 chini yake kuna puti nene. Omba mthamini aandike vipimo vya kila paneli. Ni ushahidi mzuri wa ubora wa kazi, na pia unakulinda siku mtu akidai mlango uliogongwa ulikuwa na puti tangu zamani.

Picha za faili: pembe 4 za gari, kila upande, chini ya gari kutoka mbele na nyuma, ndani, dashibodi ikionyesha kilomita, injini kutoka pande mbili, namba ya injini, na namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma chenyewe pamoja na ile ya kibati. Namba hizo mbili zilingane. Zisipolingana, lisuluhishe hilo kwanza kabla ya kumwita mthamini.

Hapa kuna kero ya kompyuta. Namba ya herufi na tarakimu 17 ilikuja kuwa kawaida kuanzia 1981. Gari la 1973 lina namba fupi, ya mtindo wa FJ40 na tarakimu zake. Mfumo wa kampuni ukiikataa, karani anaweza kukushauri uongeze sifuri zijae 17. Usikubali. Siku ya wizi namba hiyo haitalingana na kadi. Mwambie aombe idhini ya mkuu wake aiingize kwa mkono kama ilivyo.

Ripoti ifanywe upya kila baada ya mwaka au miwili, na mara tu kazi kubwa inapokamilika. Thamani ya kukubaliana ya miaka 5 iliyopita inabaki ileile kwenye karatasi huku spea zikipanda.

---

ChumaKongwe

Shukrani wakuu. Vali ya masta sikuijua kabisa, naikagua kesho. Bado la nne: gari liko gereji, turubai na siti ziko kwa fundi mwingine, na injini ya zamani imehifadhiwa kwangu. Fundi anasema gereji yake ina bima.

---

Dalali_Mkongwe

Bima ya gereji kwa kawaida inalinda makosa ya gereji. Fundi akilidondosha gari kutoka kwenye jeki, wanaweza kulipa. Mwizi akivunja usiku, au moto ukitoka jengo la jirani, jibu litakuwa fundi hakuzembea. Soma cheti chake, angalia kiwango cha juu kwa gari moja na kama mali za wateja zimetajwa.

Wewe omba bima ya gari lisilotembea: moto, wizi, na uharibifu likiwa limeegeshwa. Ada yake ni ndogo kuliko bima kubwa kwa sababu hatari ya barabarani haipo. Mambo ya kuandikisha ndani yake: anwani zote ambako gari na vipande vyake viko, siyo gereji kuu tu, kwa sababu mikataba mingi inaishia kwenye anwani iliyotajwa, orodha ya vipande vilivyotolewa, na injini ya zamani kama mali ya akiba, na thamani ya hatua kwa hatua. Kwa mfano sasa hivi gari lina thamani fulani, waya zikikamilika inapanda, siti na turubai zikifungwa inapanda tena. Tuma barua na picha kila hatua, upate uthibitisho. Ukisubiri gari likamilike ndipo uongeze, hasara ikitokea katikati utalipwa thamani ya mwanzo.

Moto wa kuchomelea ni suala la pekee. Mikataba mingi ina masharti ya kazi za moto: betri ikatwe, tanki litolewe au lihamishwe, mtungi wa kuzimia moto uwe karibu, na mtu akae kuangalia baada ya kazi, mara nyingi dakika 30 hadi 60, kwa kuwa kaa linaweza kujificha kwenye zulia au kwenye mafuta ya kuzuia kutu na kuwaka baadaye. Masharti hayo yaandikwe na fundi ayajue, si wewe tu.

Siku ya kulijaribu barabarani, bima ya gari lisilotembea imekwisha kazi. Hata mita 500. Unahitaji bima ya barabarani, na fundi awe ametajwa kama dereva.

---

Bei_Chee

Mnamtisha bure. Akate bima ndogo ya mtu wa tatu, gari aliendeshe kwa uangalifu. Kampuni za bima zinakimbia madai ya magari haya hata ukiwa na karatasi lundo.

---

Fundi_Dizeli

Kwa gari ambalo ukilipoteza huumii, sawa. Lakini uangalifu wako hauzuii mwingine asiye na bima kukugonga, wala nyumba isiungue. Kama pesa haitoshi, kuna ya katikati: mtu wa tatu pamoja na moto na wizi. FJ40 ni rahisi kuwashwa na mwizi, na moto wa waya mpya ndio unaonitia wasiwasi zaidi miezi ya kwanza. Ila hata bima ndogo haikuondolei kutaja injini; madai ya majeruhi yanapitia kwenye karatasi zilezile.

Na ukilijibu swali la maegesho kwamba gari linalala ndani ya gereji iliyofungwa, basi lilale humo. Jibu hilo linakuwa sharti.

---

Mthamini_Magari

Niongeze la matumizi, maana hapo ndipo bima nzuri inapoharibika kimya kimya. Mikataba ya magari ya zamani hupewa ada ndogo kwa ahadi: kilomita chache kwa mwaka, safari za starehe na maonyesho, hakuna mashindano. Kulikodisha kwa harusi hata siku moja, au kwa watu wa kupiga picha, ni biashara. Kupanda milima ya matope na klabu, uliza kama ni "nje ya barabara" na kama inaruhusiwa.

Hesabu pia matairi yako. Kutoka inchi 29 kwenda 33, mzunguko wa gurudumu umeongezeka kwa karibu asilimia 14. Kama gia ya spidomita haikubadilishwa kufidia hilo, ikisoma 80 unakwenda 91, na ukisafiri kilomita 5,000 mita inasoma kama 4,400. Spidi ya mita itaonekana kwenye taarifa ya ajali kama uongo wako, na kilomita zitaonekana kama umepunguza makusudi. Pima kwa programu ya simu ya GPS kwenye barabara iliyonyooka, kisha ama urekebishe gia ya spidomita pale gia boksi, ama uandike tofauti hiyo kwenye kiambatisho.

---

ChumaKongwe

Nimeelewa. Swali dogo la mwisho: nitafunga winchi kwenye bampa ya mbele baada ya kukata bima. Nisubiri mwaka mpya wa bima ndipo niitaje?

---

Dalali_Mkongwe

Usisubiri. Badiliko la katikati ya mwaka linatajwa kabla halijafungwa. Winchi na bampa ya chuma zinaongeza uzito mbele na zinabadilisha namna gari linavyomgonga mtembea kwa miguu, kwa hiyo wengine watakataa, wengine watataka kiunzi kilichokaguliwa. Tuma aina ya winchi, uzito wake, nguvu ya kuvuta na picha ya mahali pa kufungia. Fundi asiguse boliti kabla nyongeza ya mkataba haijarudi na sahihi.